Nani Abaki, Nani Aende?

Wapenzi wasomaji, ujumbe mlionitumia baada ya mazungumzo ya juma lililopita umenishangaza kwa jambo moja. Nilitegemea kuulizwa habari za barabara zetu, au bei ya mahindi pale soko la Kilombero. Badala yake wengi mmeniuliza habari za soka. Tena si soka ya uwanjani, bali ile inayochezwa kwenye simu, ligi ya kubuni, ambayo vijana wetu kuanzia Sakina hadi Usa River wanaiita fantasi. Na swali lenu karibu wote ni moja: katika kikosi changu nimbakize nani, na nimwache nani?

Najua wako wazee watakaokunja uso na kusema kwamba hilo si jambo la kuzungumzwa redioni, sembuse kuchapwa gazetini. Lakini Jumamosi mchana pita Mianzini, Kaloleni au Unga Limited, utawaona watu wazima, wenye familia zao, wameinamia simu wakipiga hesabu kama makarani wa benki. Wengine wamechanga fedha. Wengine hawasemeshani tangu msimu uliopita. Panapokuwa na fedha, heshima na urafiki wa watu wengi namna hiyo, pana jambo la kuzungumza.

Kwa faida ya wale wasioufahamu mchezo huu, nitaueleza kwa ufupi. Mchezo rasmi wa Ligi Kuu ya England ulianza msimu wa 2002/03, na sasa una washiriki zaidi ya milioni 10 duniani. Kujiunga ni bure. Kila mshiriki hupewa pauni milioni 100 za kubuni, naye anunue wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3. Haruhusiwi kuwa na zaidi ya wachezaji 3 wa klabu moja. Kati ya hao 15, wanaoanza ni 11, na 4 hukaa benchi. Wachezaji hao wakicheza kweli huko England, wewe uliye Arusha ndiye unayevuna pointi.

Mchezaji akicheza dakika 60 au zaidi hupata pointi 2, na chini ya hapo pointi 1. Bao la mshambuliaji ni pointi 4, la kiungo 5, la beki 6. Pasi ya bao ni pointi 3. Timu isiporuhusu bao, kipa na beki hupata pointi 4 kila mmoja. Kadi ya njano hukata pointi 1, nyekundu 3, na penalti iliyokoswa 2. Yule unayempa unahodha, pointi zake huhesabiwa mara mbili.

Sasa shika jambo hili, maana ndilo kiini cha swali letu. Kila juma unaruhusiwa kufanya badiliko moja bila malipo. Usipolitumia, unaliweka akiba. Zamani akiba ilikuwa mwisho 2, lakini tangu msimu wa 2024/25 inaweza kufika 5. Ukizidisha, kila badiliko la ziada linakutoza pointi 4. Kama mabadiliko yangekuwa bure, swali la nani abaki lisingekuwapo. Lipo kwa sababu kila mlango unaoufungua una ushuru wake.

Swali lenyewe si geni. Michezo ya namna hii ilianzia Marekani. Mwaka 1962 Bill Winkenbach, mmoja wa wenye hisa katika timu ya Oakland Raiders, alikaa na wenzake hotelini New York wakaandika kanuni za kwanza za ligi ya kubuni ya mpira wa Kimarekani. Mwaka 1980 Daniel Okrent na rafiki zake wakatengeneza ya besiboli, ikaenea nchi nzima. England mchezo huu uliingia mwaka 1991 kupitia Andrew Wainstein, na magazeti yakaudaka.

Huko Marekani kuna aina moja ambayo sisi hatuna sana, nayo inatufundisha jambo. Katika ligi hizo wachezaji hugawanywa kwa zamu, kila mmoja akichagua wake, na mchezaji mmoja huwa na mwenye mmoja tu. Msimu ukiisha, kila mshiriki huruhusiwa kubakiza mchezaji mmoja au wachache kwa ajili ya mwaka unaofuata, lakini kwa kubakiza huko hupoteza zamu yake ya kuchagua. Mathalani, kijana uliyempata zamu ya 10 akang'ara, ukimbakiza unapoteza zamu ya 10. Nyota uliyemchukua zamu ya kwanza, ukimbakiza unapoteza zamu ya kwanza.

Yupi abaki? Mgeni wa mchezo atasema nyota, maana ndiye bora. Mzoefu atasema kijana. Kwa nini? Kwa sababu nyota ukimwachia, zamu ya kwanza unayo, na kwa zamu hiyo utapata nyota mwingine wa kiwango chake, pengine hata huyo huyo. Lakini kijana ukimwachia, kwa zamu ya 10 hutapata tena mtu wa kiwango chake. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: nikimbakiza huyu, pengo kati ya anachonipa na anachonigharimu ni kubwa kiasi gani? Kumtafuta aliye bora hakutoshi.

Wafugaji wa mteremko wa Meru, kule Poli na Nkoaranga, hesabu hiyo wanaijua bila kuifundishwa. Kiangazi kikiwa kikali na majani ni ya kununua, mfugaji mwenye ng'ombe wawili hamtazami tu yule anayejaza ndoo. Anatazama pumba anazokula, majani anayobebewa, na umri wake. Ng'ombe wa lita 15 anayekula malisho ya ng'ombe wawili anaweza kuuzwa, na yule wa lita 10 anayeshiba kwa kidogo akabaki zizini.

Turudi kwenye simu zetu. Tuchukue mfano wa hesabu niliyoitunga ili tuelewane. Una mchezaji wa pauni milioni 13 anayekupa wastani wa pointi 7 kwa juma. Pamoja naye una wawili wa milioni 5 kila mmoja, wanaokupa pointi 3 kila mmoja. Jumla umetumia milioni 23, na unavuna pointi 13. Jirani yako ametumia milioni 23 hizo hizo kwa namna nyingine: mmoja wa milioni 7 na wawili wa milioni 8, na kila mmoja anampa pointi 5. Yeye anavuna 15. Kwa hesabu hiyo, mtu wako ghali ni hasara, aondoke.

Lakini subiri kidogo. Mpe unahodha yule wa milioni 13. Pointi zake 7 zinakuwa 14, na jumla yako inapanda kufika 20. Jirani naye akimpa unahodha mmoja wa watu wake, anapata 10 na 5 na 5, yaani 20. Mmelingana. Basi hapo tumepata kanuni ya kwanza: mchezaji ghali anastahili kubaki iwapo ndiye nahodha wako wa kila juma, au karibu kila juma. Ukiwa na wawili ghali, na unahodha ni mmoja tu, yule wa pili lazima akuthibitishie kwa pointi kwamba hazikalii bure hizo fedha.

Historia inaunga mkono pande zote mbili. Msimu wa 2024/25 Mohamed Salah wa Liverpool alianza kwa bei ya pauni milioni 12.5, akafunga mabao 29 na kutoa pasi 18 za mabao, akakusanya pointi 344, rekodi ya mchezo huu. Hiyo ni wastani wa pointi 9 kwa juma kabla ya kuzidisha. Aliyemwacha kwa kuogopa bei alijutia. Lakini msimu uliotangulia, 2023/24, Cole Palmer wa Chelsea alikuwa wa milioni 5 tu mwanzoni, naye akamaliza na mabao 22 na pointi 244. Gawanya pointi kwa bei: Salah alitoa kama 27 kwa kila milioni, Palmer kama 49. Huyo ndiye kijana wa zamu ya 10.

Kanuni ya pili inahusu bei kupanda na kushuka, na hapa wengi hawashiki kalamu. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ukimnunua mchezaji kwa milioni 5.0 akapanda hadi 5.4, ukimuuza hupati 5.4, unapata 5.2, maana nusu ya faida inabaki kwa wenye mchezo. Ukijuta juma linalofuata na kumtaka tena, utamnunua kwa 5.4 kamili. Akishuka bei, hasara ni yako yote. Kwa hiyo mchezaji uliyemnunua mapema kwa bei ndogo ana thamani ya pekee mikononi mwako, ambayo hana mikononi mwa mtu mwingine. Usimuuze kwa sababu amekosa bao majuma mawili. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Kanuni ya tatu ni ya zile pointi 4. Unapotaka kufanya badiliko la kulipia, jiulize: mgeni huyu atamzidi mwenyeji kwa pointi ngapi, na kwa majuma mangapi? Akimzidi kwa pointi 1 kila juma, inahitajika majuma 4 ili ushuru ulipike, na faida ianze juma la 5. Majuma 5 katika soka ni mengi. Nyama za paja hukazana, makocha hufukuzwa, kadi hutolewa. Nimeona watu wanaolipa pointi 4 kila juma wakikimbiza mabao ya juma lililopita, na mabao ya juma lililopita hayarudiwi kuhesabiwa.

Kanuni ya nne: tazama dakika kabla ya mabao. Mchezaji asiyecheza hafungi. Aliyeanza mechi zote na kukosa bao kwa bahati mbaya ni bora kuliko aliyeingia dakika ya 80 akafunga moja. Wa kwanza kocha anamwamini. Wa pili anajaribiwa.

Hapo swali la subira linaingia, na ndilo gumu kuliko yote. Tumtazame tena Palmer. Tarehe 28 Septemba 2024 aliifunga Brighton mabao 4 katika kipindi cha kwanza, jambo ambalo halijapata kufanywa na mtu yeyote kabla yake katika Ligi Kuu hiyo. Nani angemwacha? Akafunga tena dhidi ya Bournemouth tarehe 14 Januari 2025, kisha ukame ukaanza. Februari ikapita, Machi ikaja akakosa penalti dhidi ya Leicester, Aprili ikapita. Bao lake lililofuata katika ligi lilikuja tarehe 4 Mei, kwa penalti, dhidi ya Liverpool. Karibu miezi minne! Waliombakiza muda wote huo walikuwa wakilipia jina. Naye si kwamba alisahau mpira. Timu yake ilikuwa imepungukiwa makali, na kiungo hafungi peke yake.

Basi subira iwe na mpaka. Mimi huwaambia rafiki zangu wajiulize maswali matatu mchezaji anapokauka. Je, bado anaanza kila mechi? Je, bado anafika kwenye eneo la hatari na kupiga mashuti? Je, mechi tatu au nne zinazokuja ni dhidi ya timu zinazofungika? Majibu matatu yakiwa ndiyo, abaki. Mawili yakiwa hapana, mshukuru, mwache aende.

Kanuni ya tano inatugusa sisi Watanzania moja kwa moja: mapenzi. Januari 2020 Mbwana Samatta alijiunga na Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Tarehe 1 Februari, mechi yake ya kwanza ya ligi, akafunga dhidi ya Bournemouth. Nchi nzima ilisimama. Wengi walimtia Samatta kikosini siku hiyo hiyo, na sina neno la kuwalaumu. Tarehe 1 Machi akafunga tena, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City pale Wembley. Furaha iliyoje! Lakini katika fantasi bao lile lilikuwa sifuri, maana mchezo unahesabu mechi za ligi tu. Katika ligi Samatta alicheza mechi 14 na bao likabaki lile moja, na Septemba 2020 alikwenda Fenerbahce.

Je, aliyembakiza alikosea? Inategemea alikuwa anacheza mchezo gani. Kama alitaka kila Jumamosi aone jina la mtu wa kwetu katika kikosi chake, alipata alichokitaka, na ilikuwa halali yake. Kama alitaka kushinda fedha za kundi, alikuwa amechanganya madaftari mawili. Jambo la msingi ni mtu kujua mapema ni lipi kati ya hayo mawili. Klabu za kweli nazo hupatwa na mtihani huo. Mwaka 2024 Clatous Chama aliondoka Simba na kwenda Yanga, na sote tunakumbuka mabishano yaliyofuata vijiweni. Wapo waliopiga hesabu ya umri wake, miaka 33, na wapo waliopiga hesabu ya mapenzi. Hawakuweza kuelewana kwa sababu walikuwa wakijibu maswali tofauti.

Kanuni ya sita ni kalenda. Kombe la Mataifa ya Afrika limekuwa likiwaondoa Waafrika England katikati ya msimu. Januari 2024 Salah alikwenda Côte d'Ivoire na Misri, akaumia katika mechi dhidi ya Ghana. Aliyempanga bila mbadala alikaa na milioni nyingi zisizozaa. Kwa mashindano ya Morocco yaliyoanza Desemba 2025, wenye mchezo waliona adha hiyo, wakamjazia kila mshiriki mabadiliko ya bure yafike 5. Anayefuatilia ratiba hujiandaa mapema, asiyefuatilia hukurupuka.

Sasa niwageukie madereva na waongozaji watalii, ambao hapa Arusha ni wengi, na ambao shida yao haiandikwi katika vitabu vya Waingereza. Mmoja wao, mkazi wa Ngaramtoni, ananiandikia hivi: kundi lao lina watu 12, kila mmoja amechanga shilingi 20,000, yeye anaongoza kwa pointi chache, na juma zima linalokuja atakuwa porini Serengeti ambako mtandao hupatikana kwa kuvizia. Ana wachezaji wawili ghali na badiliko moja tu. Mmoja ni hodari lakini kocha wake humpumzisha mara kwa mara. Wa pili hana makeke, ila hucheza dakika 90 kila mechi. Ambakize nani?

Ndugu yangu, shilingi 240,000 si fedha ndogo kwa mtu anayelipwa kwa safari, kwa hiyo nakujibu waziwazi. Mbakize wa dakika 90. Mchezo huu humwingiza mtu wa benchi badala ya mchezaji wako ikiwa tu hakucheza hata dakika moja. Yule hodari akiingizwa dakika tano za mwisho, utapata pointi 1, na mtu wako wa benchi ataendelea kukaa na pointi zake. Aliye mjini anaweza kusoma habari za majeruhi Ijumaa na kurekebisha. Wewe huwezi. Kwa hiyo unahitaji watu wasiohitaji kulindwa. Kabla hujapita lango la hifadhi, panga benchi lako kwa utaratibu, mwenye uhakika wa kucheza awe wa kwanza, na chagua nahodha msaidizi anayeanza kila mechi, maana nahodha asipocheza kabisa pointi mara mbili huenda kwake.

Na kumbuka saa. Mlango wa mabadiliko hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya juma. Mechi ya Jumamosi ya saa 6:30 mchana kwa saa za Uingereza, kwetu huanza saa 9:30 alasiri wakati wa baridi yao, na mlango hufungwa saa 8:00 mchana. Wakibadili saa zao katika majira ya joto, yote hurudi nyuma saa nzima: mlango hufungwa saa 7:00. Kukiwa na mechi Ijumaa usiku, mlango hufungwa Ijumaa hiyo hiyo. Wengi wanaolalamika kwamba simu imewaonea, ni saa iliyowapita.

Neno la mwisho ni kuhusu hiyo michango. Mchezo rasmi hauhitaji fedha. Fedha tunaziweka sisi wenyewe. Kundi likiamua kuchanga, basi kanuni ziandikwe kabla ya msimu, mtunza fedha asiwe mshiriki, na kiasi kiwe kile ambacho mtu akikipoteza chungu hakitakosa kupikwa nyumbani. Mume anayekopa ili kuchangia fantasi, huyo hana haja ya kuniuliza ambakize mchezaji gani. Aanze na kubakiza unga.

Kwa kifupi, wapenzi wasomaji: pima anachotoa dhidi ya anachogharimu, mpe ghali unahodha au umwache, tunza uliyemnunua kwa bei ndogo, usilipe pointi 4 kwa hasira, tazama dakika, ratiba na kalenda, na ukimbakiza mtu kwa mapenzi, ujue kwamba ni mapenzi. Kwa leo naishia hapo. Juma lijalo, Mungu akipenda, nitarudi kwenye barabara zetu, maana nazo zina wachezaji wao wa kuachwa. Kwaherini.